Sifuri iko upande wa Igoma: kuandika pembe kwenye AutoCAD kwa anayeanza

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akaja kukaa nami ajifunze kuchora kwa AutoCAD, programu ya kuchora ramani za nyumba kwenye kompyuta. Wiki ya pili nilimpa sehemu ya paa: nyumba yenye upana wa mita 8, paa la pande mbili, mteremko wa nyuzi 30. Akaanzia kona ya juu ya ukuta wa kushoto, akaandika urefu, akaandika 30, akabonyeza Enter. Mstari wa paa ukashuka ndani ya ukuta kana kwamba unatafuta msingi. Akafuta, akarudia. Ukashuka tena.

"Mama mdogo, hii kompyuta imeharibika?"

Kompyuta ilikuwa nzima, na yeye hakuwa mjinga. Alikuwa anajua nyuzi 30 ni nini tangu darasani, kwa kipimapembe cha plastiki. Ila kwenye kipimapembe wewe mwenyewe unakiweka pale unapotaka sifuri iwe. Kwenye programu ya kuchora, sifuri imeshawekwa kabla hujafika. Namba ya pembe peke yake haitoshi. Lazima ujue inaanzia kuhesabiwa wapi, inazunguka kwenda upande gani, na imeandikwa kwa kipimo gani. Karibu kila kosa la pembe nililowahi kusahihisha kwenye michoro ya vijana, na yale niliyofanya mimi, lilitoka kwenye moja ya hayo matatu.

Simama utazame Kirumba

Ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Mwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme, si mbali na uwanja wa Nyamagana. Nilimtoa mpwa wangu nje kwenye baraza. Nikamwambia: tazama Kirumba, huko ni kaskazini. Nyoosha mikono. Mkono wa kulia unaelekea Igoma, mashariki. Wa kushoto unaelekea ziwani, magharibi. Mgongoni kwako ni Nyegezi, kusini. Igoma haiko mashariki kamili, imeshuka kidogo upande wa kusini, lakini kwa kukumbuka inatosha.

Sasa, AutoCAD ikiwa haijabadilishwa chochote, sifuri yake ni mkono wa kulia: Igoma. Kutoka hapo inahesabu kinyume na mwendo wa akrabu za saa. Kirumba ni 90. Ziwani ni 180. Nyegezi ni 270. Ukirudi Igoma umefika 360, ambayo ndiyo sifuri ileile. Ukitaka kwenda kwa mwendo wa saa, weka alama ya kutoa: Nyegezi ni 270 na pia ni -90. Zote mbili zinakubalika, na mstari utakaopata ni uleule.

Masomo mengi ya video hueleza kwamba sifuri iko "saa tatu". Hayo ni maelezo ya watu wanaohesabu saa tofauti na sisi. Mshale mfupi ukiwa kwenye tarakimu 3, hapa kwetu hiyo ni saa tisa, na nimeona mwanafunzi akigeuza mchoro mzima kwa sababu ya neno hilo moja. Mimi nasema Igoma. Wewe wa Bukoba au Musoma tafuta mtaa wako wa mashariki uutumie.

Kwa nini mstari wa mpwa wangu ulishuka

Ukianza amri ya mstari (andika L, Enter, bofya nukta ya kwanza), karibu na kishale hutokea visanduku viwili vidogo: kimoja cha urefu, kingine cha pembe. Unahama kati yao kwa Tab. Huo mfumo huwashwa na kuzimwa kwa F12. Ni mzuri kwa mtu aliyezoea, lakini una tabia inayomchanganya anayeanza. Kisanduku cha pembe hupima kutoka mstari wa mlalo hadi pale kishale kilipo, kiwe juu au chini, na hakivuki 180. Kishale kikiwa juu ya mlalo, 30 inakwenda juu. Kikiwa chini, 30 hiyohiyo inakwenda chini. Mpwa wangu alikuwa ameacha kishale chini ya ukuta wakati anaandika. Programu ilimfuata mkono wake, siyo namba yake.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza namzimishia kila mwanafunzi F12. Anaandika pembe kwenye mstari wa amri, mahali ambapo namba ina maana moja tu:

@4619<30

Isome hivi: alama ya @ inasema "kuanzia nukta niliyoishia". 4619 ni urefu, kwa milimita. Alama ya < inasema "kwa pembe ya". 30 ni pembe, kutoka Igoma, kuelekea Kirumba. Ukisahau @ wakati F12 imezimwa, programu itapima kutoka sifuri ya mchoro mzima, yaani 0,0, na mstari wako utakimbilia mahali ambapo huna hata ukuta. Usiweke nafasi popote katikati ya maandishi hayo. Kwenye AutoCAD kitufe cha nafasi hufanya kazi ya Enter. Ukikigusa, umeshakubali nusu ya jibu.

4619 imetoka wapi? Nusu ya upana ni 4000, ukigawa kwa kosaini ya 30 unapata 4618.8. Lakini sikutaka azoee kikokotoo, maana nyumba zetu mara nyingi hazina vipimo kamili namna hiyo. Kuna njia ninayoipenda zaidi. Baada ya nukta ya kwanza andika pembe peke yake:

<30

Ukibonyeza Enter, kishale kinafungwa kwenye mstari wa nyuzi 30. Hakitoki. Kivute hadi kipite katikati ya nyumba, bofya, kisha chora mstari wa wima katikati na ukate kilichozidi kwa TRIM. Urefu umejipata wenyewe, bila kuzungusha desimali. Angalia tu kwamba kufuli hilo linaruhusu pande zote mbili za mstari huo, yaani 30 na 210, kwa hiyo kivutie upande unaoutaka.

Upande wa pili wa paa, unaopanda kutoka ukuta wa kulia kurudi katikati, siyo 30 tena. Simama kwenye ukuta huo: unaelekea ziwani, ukiwa umeinuka nyuzi 30 kutoka mlalo. Ziwani ni 180, toa 30, ni 150. Na ukiamua kuchora kutoka kileleni kushuka kulia, ni -30 au 330. Nilimwachia mpwa wangu ayapate haya kwa mikono yake kwenye baraza, akazunguka mara mbili akilenga kidole, kisha akarudi kuandika. Kazini ningetumia MIRROR, amri inayonakili upande mmoja kama kwenye kioo, na kumaliza, lakini anayejifunza aandike 150 angalau mara moja.

Miteremko ya njia za viti vya magurudumu na mifereji usiilazimishe kuwa pembe. Ukiambiwa 1 kwa 12, andika @12000,1000. Hiyo ni kwenda 12000 na kupanda 1000. Ukigeuza kuwa nyuzi utapata 4.76 na mkia wa desimali, na mkia huo utaukata, na kila unapoukata unapoteza kidogo. Fundi naye hatabeba kipimapembe kwenye jua. Atabeba kamba na futi.

Nukta na dakika

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu halionekani kwa macho.

Karatasi ya mpima ardhi inaandika 25°30'. Hiyo ni nyuzi 25 na dakika 30. Dakika ziko 60 kwenye nyuzi moja, kama saa. Basi dakika 30 ni nusu, na pembe ni 25.5. Anayeanza anaandika 25.30. Tofauti ni nyuzi 0.2, na kwenye skrini mistari hiyo miwili inakaa kama mmoja. Nenda nayo mita 40 uone: mwisho wa mstari umehama karibu sentimita 14. Huo ni unene wa tofali. Kwenye vilima vyetu, ambako nyumba zimebanana katikati ya mawe na jirani anajua mpaka wake kwa kumbukumbu ya babu yake, sentimita 14 ni kesi.

Usigeuze kwa kichwa. Andika dakika kama dakika, na herufi d badala ya alama ya nyuzi ambayo haipo kwenye kibodi (urefu hapa ni kwa mita):

@40<25d30'

AutoCAD inaipokea hata kama mchoro wako umewekwa kwenye desimali. Ukiwa na sekunde, endelea: 25d30'15" na alama mbili za juu mwishoni.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, la kuonekana. Unaandika 27.75 vizuri, kisha unapima na skrini inakuambia 28. Unadhani umekosea. Hujakosea. Fungua UNITS (andika UN, Enter), tazama upande wa pembe, sehemu iliyoandikwa Precision. Mara nyingi inakuja ikiwa 0, yaani haionyeshi desimali hata moja. Ndani mchoro unahifadhi 27.75, kinachozungushwa ni kile unachoonyeshwa tu. Weka desimali mbili au nne, ukweli utajitokeza.

Mpima ardhi anaanzia Kirumba

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, ambalo ndilo lililonifanya niwe mkali kwenye jambo hili.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, kwenye ofisi ya mtu mwingine. Nilipewa karatasi ya vipimo vya kiwanja, upande wa Buhongwa: pande tano, kila upande na urefu wake na pembe yake. Nikaandika zote kama zilivyo. Mstari wa mwisho ulirudi kwenye nukta ya kwanza bila kuachana hata milimita. Eneo nalo lililingana na lililoandikwa. Nikafurahi, nikaweka nyumba ndani, nikachapa. Mwenye kiwanja, mzee mmoja mpole, akaja kuangalia kabla ya kupeleka kuomba kibali. Akaikalia ramani muda mrefu.

"Binti," akasema, "mwamba wangu uko kushoto ukiingia kutoka barabarani. Hapa umeuweka kulia."

Nikamwonyesha eneo, nikamwonyesha mistari ilivyofunga.

"Mita zitakuwa sawa, mwanangu. Lakini hiki si kiwanja changu."

Alikuwa sahihi. Mpima ardhi haanzii Igoma. Anaanzia kaskazini, Kirumba, na anazunguka kwa mwendo wa saa: Kirumba 0, Igoma 90, Nyegezi 180, ziwani 270. Pembe hizo za kutoka kaskazini huitwa beringi. Ukiziandika moja kwa moja kwenye AutoCAD, kila mstari unakuwa na mashariki yake mahali pa kaskazini na kaskazini yake mahali pa mashariki. Matokeo ni kiwanja kilichopinduliwa, kama karatasi unayoitazama kwa nyuma dhidi ya taa. Urefu ni uleule. Kona ni zilezile. Kinafunga. Eneo linalingana. Ndiyo maana kufunga kwa mchoro hakuthibitishi kwamba pembe umeziandika sawa. Kunathibitisha tu kwamba, kama umekosea, umekosea kwa usawa pande zote. Ilibidi nichore upya kila kitu, na nyumba ikabadilika, kwa sababu mwamba wa Mwanza hauhamishwi kwa kipanya.

Kurekebisha ni rahisi. Toa beringi kwenye 90. Chukua kiwanja cha mazoezi cha mita 30 kwa 20, chenye kona A, B, C, D. A kwenda B ni mita 30 kwa beringi 62°15'. B kwenda C ni mita 20 kwa 152°15'. C kwenda D ni mita 30 kwa 242°15'. D kurudi A ni mita 20 kwa 332°15'. Dakika 15 ni robo, kwa hiyo 90 toa 62.25 ni 27.75. Ya pili ni -62.25, ya tatu -152.25, ya nne -242.25. Unaandika, kwa mita:

@30<27.75
@20<-62.25
@30<-152.25
@20<-242.25

Kama unapenda kuandika alichoandika mpima bila hesabu, AutoCAD inapokea pia lugha ya robo za dira, inayoanzia kaskazini au kusini na kuinama kuelekea mashariki au magharibi. 62°15' inakuwa N62d15'E. Ya 152°15' imeshapita mashariki, hivyo unaipima kutoka kusini: 180 toa 152°15' ni 27°45', nayo ni S27d45'E. Zinazofuata ni S62d15'W na N27d45'W. Mstari mzima ni @30<N62d15'E, bila nafasi.

Na ipo njia ya tatu: kwenye UNITS weka alama kwenye Clockwise, kisha bonyeza Direction uchague North. Kuanzia hapo mchoro unafikiri kama mpima, na 62d15' unaiandika ilivyo. Watu wengi wanaipenda. Mimi siipendi ndani ya faili la nyumba, kwa sababu mpangilio huo unabaki kwenye faili hilo. Mwezi ujao utalifungua, utazungusha mlango kwa 90 na utazunguka upande usioutarajia, na hutakumbuka kwa nini. Nikiitumia, naitumia kwenye faili la kiwanja peke yake, kisha nakipeleka kiwanja kilichokamilika kwenye faili la nyumba.

Ukibahatika kupewa viwianishi vya bikoni, yaani namba zinazoonyesha mahali pa kila jiwe la mpaka, achana na pembe kabisa. Andika mashariki, koma, kaskazini. Huku kwetu ramani nyingi za upimaji ziko kwenye mfumo wa viwianishi uitwao Arc 1960, ukanda wa UTM 36 Kusini. Namba za mashariki za mjini Mwanza huanza na 48 au 49 na zina tarakimu sita kabla ya desimali. Za kaskazini huanza na 97 na zina tarakimu saba, kwa kuwa kusini mwa ikweta hesabu inashuka kutoka 10,000,000. Kwa hiyo ni rahisi kuzitambua. Tazama vichwa vya safu kabla ya kuandika: karatasi nyingine hutanguliza kaskazini. Ukizibadilishana, utapata kiwanja kilekile cha mzee, kimepinduliwa.

Pembe nzuri ni ile usiyoiandika

Nyumba ukishaichora imenyooka, na kiwanja kimekaa kwa 27.75, unataka ukuta wa mbele ulale sambamba na mpaka. Usiandike 27.75. Huenda mpaka ni 27.7483. Hamisha nyumba, kona yake ikae juu ya mstari wa mpaka. Andika RO, chagua nyumba, bofya kona hiyo kama egemeo, kisha andika R kwa ajili ya Reference. Bofya kona hiyohiyo, bofya mwisho wa ukuta wa mbele, halafu bofya mwisho wa mpaka. Nyumba inalala kwenye mpaka kabisa. F3 iwe imewashwa, ili mibofyo ishike ncha za mistari na si hewa iliyo karibu nazo.

Ukizungusha kwa namba, kumbuka RO inahesabu kutoka hapo kitu kilipo, siyo kutoka Igoma. Kitu kilichokaa 30, ukikizungusha 45, kitakaa 75.

Na kama umefuata yote haya na bado 0 haiendi kulia, tazama alama ya X na Y kwenye kona ya chini ya skrini. Ikiwa imeinama, mtu aliyetangulia aligeuza mhimili, na sifuri imeinama nao. Andika UCS, Enter, W, Enter. Itasimama. Wanaotumia LibreCAD, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa kwa kujifunzia, watakuta @ na < zinafanya kazi vilevile, na sifuri iko mahali palepale.

Chora sasa kile kiwanja cha mita 30 kwa 20. Ukimaliza andika DI, bofya A kisha B, usome urefu na pembe: 30 na 27.75. Kisha usiamini namba peke yake. Weka kidole kwenye A, ufuate mstari kwenda B, na ujiulize unaelekea wapi hapa mjini. Beringi 62 ni katikati ya Kirumba na Igoma, ukiwa umekaribia Igoma zaidi. Mpwa wangu alitoka barazani kuhakikisha, mkono umenyooka, wateja wa duka la chini wakimtazama. Aliporudi alichapa.